Mashua ya mota: wanayopenda wenyewe, wasiyopenda, na yanayookoa maisha



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya kaski, vumbi, baruti na magari makubwa ya mgodi. Leo tunatoka kidogo kazini na kwenda kwenye maji. Msishangae. Mfanyakazi aliyeumia ziwani siku ya yenga anakosekana kazini kesho yake, sawasawa na yule aliyeumia mgodini. Na mama anayelia hachagui kama bwana wake alikufa katika kazi ao katika furaha.

Hapa kwetu Kolwezi bahari ni mbali sana, lakini maji tunayo. Upande wa kaskazini ya mji kuna bwawa la Nzilo, lililojengwa juu ya Lualaba na kumalizika mwaka 1952. Wakati ule liliitwa Delcommune. Chini yake, juu ya mto ule ule, kuna Nseke ya mwaka 1956. Upande wa Likasi kuna ziwa Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira, kazi iliyomalizika mwaka 1930. Mabwawa haya yalijengwa ili kutoa umeme kwa migodi na viwanda. Lakini nyuma ya ukuta wa bwawa kunakuwa ziwa, na penye ziwa watu wanatafuta samaki, upepo mzuri na mapumziko.

Wenye mashua ya mota si matajiri peke yao. Kuna mainjinia na wachuuzi, na kuna wafanyakazi waliochanga makuta pamoja kama katika likelemba, wakanunua mashua moja watu watatu ao wane. Na hata wewe usiye na mashua, siku moja rafiki atakualika pamoja na bibi na watoto. Kwa hiyo maneno haya ni ya wote.

Tumewasikiliza wenye mashua wakisifu na kulalamika. Ukiwasikia wengi, utaona ya kuwa maneno yao yanafanana. Na sisi wa dispansere tunaona jambo moja: kila kitu wanachokipenda kina hatari yake pembeni, na vitu vingi wanavyovichukia ndivyo vinavyowalinda. Tuvitazame kimoja kimoja.

WANAYOPENDA

1. Mbio

Jambo la kwanza wanalolisifu wote ni mbio. Mtu anafungua mota, pua ya mashua inainuka, maji yanapasuka pande mbili, na mawazo ya juma zima yanabaki nyuma. Ni kweli, inafurahisha.

Lakini fanya hesabu. Mashua inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 kwa kila sekunde. Ukiona kisiki mita 20 mbele yako, huna hata sekunde mbili za kugeuka. Na bwawa si kama ziwa la tangu zamani. Ni bonde lililofunikwa na maji. Miti na mawe ya bonde yanaweza kuwa bado yamo chini, na maji yanapanda na kushuka kwa mvua na kwa kazi ya turbini. Mahali ulipopita salama mwezi wa tatu, mwezi wa kumi kisiki kinaweza kuwa chini ya maji kwa kipimo cha kiganja tu. Wavuvi wa pale wanajua mahali pabaya. Waulize, si aibu.

Mbio zinaumiza mgongo pia. Mashua inaporuka juu ya mawimbi na kuanguka, pigo linapanda moja kwa moja katika mifupa ya mgongo, zaidi kwa wale waliokaa mbele. Kuna watu waliovunjika mfupa wa mgongo kwa namna hii bila kuanguka ndani ya maji. Wewe unayeendesha gari kubwa mgodini, mgongo wako unatikiswa kazini kila siku. Usiutikise tena siku ya mapumziko. Wazee, mama wenye mimba na watoto wakae nyuma ao katikati, na mwendesha apunguze mbio penye mawimbi.

Hatari kubwa ya mbio ni elisi, yaani mapanga ya chuma yanayozunguka nyuma ya mota. Mashua ikikimbia, elisi inaweza kuzunguka mara 40 kwa sekunde moja. Mtu akianguka, inampiga mara nyingi kabla hajapiga kelele. Ndiyo maana mota nyingi zina kamba fupi nyekundu ya kuzimia. Upande mmoja umefungwa kwenye mota, upande wa pili unafungwa kwenye mkono ao mguu wa mwendesha. Akianguka, kamba inatoka na mota inazimika. Bila kamba hii mashua inaweza kuzunguka peke yake na kumrudilia mtu wake aliye ndani ya maji. Wengi wanaiacha ikining'inia kama pambo. Tunawaomba: ifungeni.

2. Kuwa pamoja na watu

Jambo la pili: mashua inaleta watu pamoja. Kuna muziki, nyama ya kuchoma, samaki, picha za watoto. Mwenye mashua anaona haya kumkatalia mtu aliyekuja na furaha. "Panda tu, nafasi ipo." Neno hili limeua watu wengi.

Tarehe 24 Novemba 2018, siku ya posho, mashua ya starehe iliyoitwa MV Templar ilipinduka katika ziwa Victoria, upande wa Mukono, nchini Uganda. Ilikuwa imebeba watu kupita kipimo chake waliokwenda kufurahi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Na hapa nchini kwetu, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka katika ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku huko Goma, na watu waliokuwa ukingoni wakiona. Nayo ilijaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa. Ile ya kwanza ilikuwa ya furaha na hii ya pili ya safari, lakini sababu ni moja: uzito.

Mashua nyingi zilizotoka kiwandani zina kibati kinachoonyesha hesabu ya watu na uzito. Kwa kawaida mtu mmoja anahesabiwa kilo 75. Kibati kikisema watu 6, ni kama kilo 450 za watu. Masanduku ya chupa, barafu, jenereta na bidoni za esanse nazo zina uzito wao. Mtoto ni mtu, mhesabu. Tena, watu wote wasisimame upande mmoja kutazama samaki ao kupiga picha. Mashua iliyojaa haihitaji wimbi kubwa ili ipinduke. Watu watano wakihamia upande mmoja kwa ghafula, inatosha.

3. Pombe na upepo

Wanasema: "Juu ya maji pombe haileweshi, kwa sababu ya upepo." Si kweli. Upepo unakuficha joto tu. Jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji yanayong'aa. Mwili unakauka bila wewe kuona jasho. Pombe kidogo inakuwa nyingi. Na mtu aliyekunywa akianguka ndani ya maji, hajui tena upesi upande wa juu na upande wa chini.

Huko Marekani, kwenye mamilioni ya mashua za furaha, walinzi wa pwani wanaandika ajali zote wanazoarifiwa. Katika hesabu yao ya mwaka 2022, kati ya waliokufa ambao sababu ya kifo ilijulikana, 75 kwa 100 walizama. Kati ya waliozama, 85 kwa 100 hawakuvaa jile ya kuokoa maisha. Na katika sababu zinazojulikana za ajali za kifo, pombe ilikuwa ya kwanza.

Basi mwendesha mashua asinywe hata chupa moja, sawasawa na mwendesha wa gari la mgodi. Anywe maji, avae kofia, awe na shati la mikono mirefu. Ndugu zetu wenye ualbino wafunikwe zaidi na wakae kivulini.

4. Kivuli cha turubai

Wengi wanasifu turubai ao kibanda kidogo kinachozuia jua na mvua. Ni kizuri, lakini mfanyakazi wa chini ya udongo atanielewa upesi. Baada ya kupiga baruti hatuingii mara moja. Tunangoja hewa chafu itolewe. Kwa nini? Kwa sababu ya gazi ya monoksidi ya kaboni, CO, isiyo na rangi wala harufu. Mota ya esanse inatoa gazi ile ile.

Mashua inapokwenda, hewa inazunguka nyuma yake na inaweza kurudisha moshi mbele, ndani ya turubai. Vilevile mashua ikisimama na mota ao jenereta ikiendelea kunguruma, gazi inakusanyika. Wanaoogelea huku wameshika nyuma ya mashua wanaivuta kwanza wao. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi, miguu kulegea. Wenzake wanacheka: "Amelewa." Kumbe anakufa. Watu wawili ao watatu wakiumwa kichwa pamoja ndani ya mashua, zima mota, fungua turubai, mtoe mgonjwa kwenye hewa safi na umpeleke lopitalo apewe oksijeni. Asiachwe alale "ili pombe iishe".

WASIYOPENDA

1. Esanse inakwisha upesi

Hili ndilo lalamiko la kwanza. Mota ya farasi 40 ya mtindo wa mapigo mawili, ile inayochanganyiwa mafuta katika esanse, ikifunguliwa kabisa inaweza kunywa karibu lita 15 mpaka 20 kwa saa. Ile ya mapigo mane inakunywa kidogo zaidi na haina moshi mwingi, lakini ni nzito, bei yake iko juu, na si kila fundi anaijua. Kwa hiyo wengi wanabaki na ile ya zamani na wanalia juu ya esanse.

Mtu anayelia juu ya esanse anaanza kuipunguza, na kwa kuipunguza anakwama katikati ya ziwa saa kumi na moja ya jioni, wakati wingu linakuja. Shika kanuni hii: fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, fungu moja la shida. Ukiona fungu la kwanza limekwisha, geuka, hata kama samaki wanakula vizuri.

Tabia nyingine mbaya ni kunyonya esanse kwa mdomo katika mpira ili kuitoa kwenye gari ao kwenye bidoni. Esanse ikiingia hata kidogo katika mapafu inayachoma. Mgonjwa anaweza kukohoa kidogo tu saa ile, na baada ya saa nyingi akashindwa kupumua. Mtu aliyemeza esanse asilazimishwe kutapika, kwa kuwa akitapika inaweza kuingia mapafuni. Asinyweshwe maziwa wala mafuta. Aletwe lopitalo. Pampu ndogo ya mkono inauzwa kwa makuta machache, mapafu hayauzwi.

Tena, mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kukaa chini kabisa ya mashua, mahali usipouona, unangoja cheche moja. Bidoni ya kubeba itolewe nje na kujazwa juu ya ardhi, watu wote wakiwa wameshuka, bila sigareti. Ukirudi ndani, funua vyote, acha upepo upite, nusa chini, ndipo uwashe mota. Uwe na kizima moto cha unga mahali unapokifikia upesi. Mtu akiungua, mwagia sehemu ile maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala yai.

2. Mota haina nguvu iliyoandikwa

"Nilinunua farasi 40, lakini haifiki." Wengi wanadhani wameibiwa. Mara nyingi si hivyo. Sisi tuko zaidi ya mita 1.000 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Mota ya kawaida inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1.000. Ile ya farasi 40 inatoa hapa kama 35.

Dawa yake ni kupunguza uzito, ao kumwomba fundi aweke elisi inayofaa kwa hewa yetu. Dawa mbaya ni kufunga mota kubwa kupita ile iliyoandikwa kwenye kibati. Mota kubwa inalemea nyuma ya mashua; ukipunguza mbio kwa ghafula, wimbi lako mwenyewe linakufikia na kuingia kwa nyuma.

3. Makelele

Wanachukia pia makelele, na wana haki. Lakini wanayazoea, na kuyazoea ndiyo hatari. Katika kazi tunaanza kulinda masikio tangu desibeli 85. Mota ya zamani, ukikaa karibu yake na kupiga kelele ili jirani akusikie, imepita kipimo hicho. Sikio halina siku ya yenga. Makelele ya ziwani yanajumlishwa na yale ya mgodini. Vifungio vya masikio unavyovaa kazini, mwendesha anaweza kuvivaa hata hapa, lakini mtu mmoja mwenye masikio wazi akae mbele kuangalia na kumwonyesha kwa mkono.

4. Majani katika elisi

Penye maji mafupi, kama sehemu nyingi za Tshangalele, na pembezoni mwa Nzilo, majani yanajiviringa katika elisi. Mwenyewe anakasirika, anakunja suruali, anashuka ndani ya maji mpaka kiunoni na kuanza kuyakata. Hapa kuna hatari tatu.

Ya kwanza, mota haijazimwa kabisa. Mtu mmoja akigusa kitu, elisi inazunguka. Zima, toa kamba nyekundu, uiweke mfukoni mwako.

Ya pili, mamba na viboko. Lualaba ni mto wao tangu zamani, na majani ndiyo kificho chao.

Ya tatu ni ndogo, haionekani kwa macho. Ni bilarzia, wengine wanaiita kichocho. Wadudu wake wanatoka katika konokono za maji zinazokaa kwenye majani, zaidi jua linapokuwa juu. Wanapita katika ngozi kwa dakika chache, bila kidonda. Siku ile unasikia kuwashwa kidogo, ao hakuna kitu. Baada ya majuma unapata homa na kikohozi. Baada ya miezi tumbo linauma na damu inaonekana chooni. Asiyetibiwa kwa miaka anaharibika maini. Watoto wanaocheza ukingoni wanaipata kuliko wote. Dawa yake ni prazikanteli. Kipimo kinategemea kilo za mgonjwa, kwa hiyo usinunue sokoni na kukisia. Njoo upimwe. Kwa majani, inua mota juu na kuyatoa ukiwa ndani ya mashua, kwa mti wenye ndoano.

5. Kamba ya kuwashia

Mota ndogo nyingi zinawashwa kwa kuvuta kamba. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita ao wa saba inakataa. Mtu anavuta mara ishirini, bega linauma, anasimama ili apate nguvu, anavuta tena. Mota inashika ghafula, mashua inaruka, naye anapinduka nyuma. Kabla ya kuvuta, hakikisha mota haimo katika mwendo. Watu wote wakae, na wewe ukae ao upige goti. Ukivuta mara tano bila faida, acha, angalia buji na esanse. Nguvu nyingi hazitengenezi buji chafu. Na usiondoke bila makasia mawili, hata kama mota ni mpya.

6. Jile ya kuokoa maisha

Tunafika kwenye kitu kinachochukiwa kuliko vyote. "Inanipa joto." "Inaharibu picha." "Mimi najua kuogelea." "Tunayo, iko chini ya kiti."

Jile iliyo chini ya kiti ni kama kaski iliyobaki nyumbani. Mashua ikipinduka, hakuna dakika ya kutafuta wala ya kufunga vifungo. Aliyegonga kichwa hawezi kuogelea, hata akiwa bingwa. Maji ya Juni na Julai ni baridi. Mtu anayeanguka kwa ghafula anashtuka, anavuta pumzi bila kupenda, na maji yanaingia. Jile inafanya kazi hata wakati mwenyewe hawezi kufanya chochote.

Mtoto apewe jile ya kipimo chake, yenye mkanda unaopita kati ya miguu. Mjaribu kwenye ukingo: mfunge, mwinue kwa mabega ya jile. Ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno. Na baba avae kwanza. Mtoto hatavaa kitu ambacho baba yake anakidharau.

MTU AKIANGUKA NDANI YA MAJI

Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu ya kuwa watu 300.000 hivi walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na zaidi ya 90 kwa 100 walikuwa katika nchi zenye mapato madogo ao ya katikati, kama yetu. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo wake unatafuta hewa tu. Ukiona mtu amenyamaza, kichwa kimelala nyuma, mikono inapiga maji bila kuendelea mbele, anazama.

Usiruke kumfuata. Mtu anayezama anamkamata mwokozi na kumvuta chini; familia nyingi zimezika wawili kwa njia hii. Mrushie jile, bidoni tupu iliyofungwa, ao kamba. Mfikishie kasia. Ukimkaribia kwa mashua, zima mota kabla ya kumfikia.

Akitolewa na hapumui, usimning'inize miguu juu, wala usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kwa mwendo wa mara 100 mpaka 120 kwa dakika, pumzi 2, tena 30, tena 2. Usiache mpaka msaada ufike. Akizinduka, mfunike asipate baridi na umlete lopitalo, hata akisema yuko mzima. Mapafu yanaweza kujaa baada ya saa chache.

Akikatwa na elisi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote, wala usifunue kila mara kutazama. Damu ya mkono ao mguu ikiruka na haikubali kusimama, funga mkanda mpana juu ya jeraha, kaza mpaka damu ikome, andika saa, na kumkimbiza kwa muganga.

KABLA YA KUSUKUMA MASHUA

Soma maneno haya ukingoni, kila mara:

1. Je, kila mtu amevaa jile na kuifunga?
2. Je, hesabu ya watu na mizigo ni sawa na kibati?
3. Je, esanse ni mafungu matatu, na hakuna harufu chini?
4. Je, kamba nyekundu imefungwa kwa mwendesha, na mwendesha hajakunywa?
5. Je, makasia, kamba, kizima moto, ndoo ya kutolea maji na taa vimo?
6. Je, mtu aliyebaki nyumbani anajua tunakokwenda na saa ya kurudi?
7. Je, mbingu ni safi? Tangu Oktoba mpaka Aprili radi inakuja upesi. Ukiona umeme na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu sekunde 30, mvua hiyo haijafika kilomita 10. Rudi ukingoni mara moja, na usikae chini ya mti.
8. Je, tutakuwa mbali na ukuta wa bwawa? Juu ya ukuta maji yanavuta kuelekea turbini. Chini yake yanaweza kufunguliwa ghafula.

Jibu moja likiwa "hapana", mashua ibaki. Ziwa halihami.

Sasa neno kwa akina mama. Ninyi ndio mnaofunga chakula cha safari. Fungeni na jile katika kikapu kile kile. Bwana akisema hakuna jile ya mtoto, mtoto asipande. Akisema watu ni wengi kidogo tu, shukeni. Usione haya mbele ya wageni. Wageni hawatakulelea yatima.

Na wewe ndugu mwenye mashua, hatukuombi uiuze. Umeipata kwa jasho, na mapumziko ni sehemu ya afya. Tunakuomba tu uyasikilize malalamiko yako mwenyewe. Jile inayokupa joto, kamba inayokufunga mguu, esanse unayorudi nayo bila kuitumia, rafiki uliyemkatalia nafasi: hivyo vyote vinakuudhi siku ya yenga, na ndivyo vitakavyokuleta kazini kesho yake ukiwa mzima.

Dispansere iko wazi kwa mwenye swali, kwa mwenye kuwashwa baada ya kuingia majini, na kwa familia zinazotaka kuonyeshwa namna ya kumpulizia mtu pumzi. Njooni pamoja na watoto wakubwa. Kazi hiyo inafunzwa kwa nusu saa.